Kibofu Changu na Kimashine cha Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba

Nimenunua kiberiti kingine kwa Hared. Sivuti sigara. Nyumbani tunapikia gesi ya kubonyeza. Lakini duka la Hared lina choo nyuma, tena choo chenye komeo, na mtu mwenye heshima zake hawezi kuingia dukani kwa watu mbio, atoke polepole, asinunue kitu. Mkoba wangu wa kazi sasa una viberiti vingi kuliko misumari. Siku cheche ikinirukia nitawaka kama shamba la miwa.

Leo nilikuwa juu ya ngazi kwa mwalimu mmoja mstaafu hapa Kayole, nafunga taa ya dari. Mkewe akafungua bomba jikoni. Sauti ile tu! Nikateremka kama nyani aliyeona chui. Mwalimu akauliza kama nimerushwa na stima. Nikasema ndiyo. Uongo wa aibu kwa fundi stima, lakini ukweli ulikuwa tayari unaniteremkia mguuni. Kesho mtaa mzima utajua Irungu amerushwa. Mimi! Miaka yote hii waya haujawahi kunigusa, na sababu ni moja: naogopa stima kuliko mtu yeyote ninayemjua. Fundi asiyeogopa stima ni marehemu anayetembea.

Jioni binti yangu Tiffany akaleta habari. Watu wa Kim, mchumba wake, wanakuja kwa ruracio, kuzungumzia mahari, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba. Mama yake akapiga vigelegele. Mimi nikaenda chooni.

Jumatano, 3 Septemba

Ndugu yangu Maina amekuja. Yeye ndiye msemaji wetu siku hiyo. Ana maneno, hilo simnyimi. Akanywa chai, akala mandazi yangu, kisha akanipa sheria. Anasema baba wa binti hukaa kitini tangu sala ya kwanza mpaka mapatano ya mwisho. Akinyanyuka akatoka nje, wageni wanaelewa kwamba amemkataa kijana wao. Wanabeba vitu vyao wanaondoka.

Nikauliza: na akitaka maji? Maji yataletwa. Na akitaka hewa? Dirisha litafunguliwa. Na akitaka... Maina akaniangalia. Akasema kama nimezeeka siwezi kukaa, yeye ni ndugu wa damu, kiti kitamtosha. Akatabasamu. Tangu utotoni huyu anataka mahali nilipokaa mimi. Hata kitanda, alikuwa akingoja nikipashe joto ndipo anisukume.

Ruracio ya majirani wa juu ilianza baada ya chakula cha mchana, na walipoagana taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Mimi siwezi kumaliza taarifa ya habari! Nifanyeje? Namwona Baba Kim akivaa kofia yake. Namwona mwanangu akilia. Namwona Maina akikaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango wa kwanza: kutokunywa kitu chochote. Maji yasipoingia hayatoki. Hesabu ya mtoto wa nasari.

Mpango umeshindwa. Kufikia saa sita nilikuwa naona nyota, na kibofu kikaniita vilevile, tena kwa hasira. Nikakimbilia kwa Hared. Nilipotoka nikanyoosha mkono kuchukua kiberiti. Hared akakivuta nyuma. Akasema kwa upole, "Fundi, wewe tumia choo tu. Kiberiti wacha."

Anajua! Jasho likanitoka. Akashusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. Akasema mama yake, Batulo, alikuwa hivyo hivyo, mpaka akaacha kwenda harusi za watu. Kuna mwanamke wa fizio, tiba ya viungo, huko mtaa wa Jericho aliyemsaidia. Humwekea stima kidogo mguuni, ile neva ya mguuni inatuliza kibofu.

Nilijua. Daktari wa kituo cha afya alishanielekeza kwa mwanamke huyo huyo mwezi wa sita. Alinipima mkojo, akanipiga picha, akasema hakuna sukari wala uvimbe, kibofu ni chenye wasiwasi tu: kinabana kabla hakijajaa. Vidonge alivyonipa vilinikausha mdomo hata nikashindwa kupiga mluzi. Ndipo akasema niende Jericho. Alipofika kwenye neno stima niliaga.

Stima! Mwilini! Kwa hiari!

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeenda Jericho. Si kutibiwa. Kupeleleza.

Fizio anaitwa Eve. Mdogo, mikono imara, sauti ya chifu. Chumba chake kiko nyuma ya soko. Akanionyesha kimashine kinachotoshea kiganjani, nyaya mbili nyembamba, na vibandiko viwili kama plasta. Kimoja hubandikwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kingine huwekwa karibu na kisigino. Anasema neva inayopita hapo hupanda mpaka chini ya uti wa mgongo, na huko inakutana na neva za kibofu, kama majirani wa ploti moja. Ukimtuliza mmoja, mwingine anaacha kelele. Si dawa ya siku moja. Ni wiki nyingi, na si kila mtu hupona, lakini wengi hupata nafuu.

Nikauliza volti. Akasema ni betri ndogo tu. Nikamwambia wote waliouawa na stima waliambiwa ni kidogo tu.

Kisha akauliza kama nina kifaa cha moyo kifuani, maana wenye kifaa hicho hawawekewi. Mlango huo! Nikasema ndiyo, ninacho. Akaomba kuona kovu. Nikafungua shati nikamwonyesha pale nilipomwagikiwa na uji nikiwa mtoto. Alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza ni hospitali gani. Nikasema sikumbuki, nilikuwa nimelala. Akasema basi atampigia simu daktari wangu wa moyo. Nikasema naye amelala. Nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye wauza viatu ndipo nikagundua vifungo vya shati bado viko wazi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Atangulie mtu mwingine. Nitazame. Akitoka mzima, nami nitaingia.

Nani? Maina hapana, atatangaza. Mke wangu, jina lake Wangu, hapana, atauliza maswali mpaka atoe ukweli kama mtu anayetoa mwiba. Hared ana mama aliyekwishapona, lakini huyo mimi sikumwona kwa macho yangu.

Mama mkwe!

Yuko hapa kwetu tangu Agosti, ametoka Murang'a kwa sababu ya magoti. Amelima maisha yake yote. Ana nguvu. Kama stima itamshinda yule, mimi nisijaribu kabisa. Najua ni dhambi. Mkwe ninamheshimu hivi kwamba mpaka leo sijawahi kutafuna mfupa mbele yake. Lakini ruracio inakuja.

Nimemwambia kuna fizio mzuri wa magoti. Akanibariki, mkono kichwani. Nilijisikia kama mwizi wa sadaka.

Ijumaa, 12 Septemba

Tulienda. Eve aliponiona alitazama kifua changu kwanza. Nikasema haraka kwamba leo mgonjwa ni mama mkwe, magoti. Mama alipokuwa akivua viatu nikamvuta Eve pembeni nikamnong'oneza: amwekee ile ya kibofu, kwenye kifundo, ni mguu huo huo, hatajua. Eve akanijibu kwamba hamwekei mtu mashine kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Akanitoa nje. Akafunga mlango.

Nilisimama pale nikisikiliza kama kutakuwa na kishindo. Ukimya. Kisha kicheko! Wawili hao wakicheka kama wasichana kisimani. Nikaogopa zaidi.

Mama alitoka anatembea. Mzima. Tulipofika kwenye akina mama wa sukumawiki akasimama, akaniambia kitu ambacho mkwe hamwambii mkwe. Kwamba magoti ni kweli yanauma, lakini si magoti yaliyomweka kwenye kiti cha nyuma kanisani, karibu na mlango. Ni mkojo. Tangu alipomzaa Wangu. Hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wake. Aliposikia nataka kumpeleka kwa daktari wa Jericho alijua nimegundua, na nimetumia magoti ili nisimwaibishe.

"Asante, mwanangu," akasema. "Wewe uliona."

Mimi! Mimi niliyemleta kama panya wa majaribio! Nilitazama nyanya za watu. Sikuwa na uso wa kutazama kitu kingine.

Nikauliza tu stima ikoje. Akasema ni kama siafu waliovaa soksi.

Siafu. Hata wakiwa na soksi ni siafu. Nitangoja nione.

Jumanne, 30 Septemba

Mama anaenda Jericho kila wiki. Eve amempa na kimashine cha nyumbani, anajibandika kila jioni akitazama habari. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, nami nikafurahi kimoyomoyo: kama hakifanyi kazi, sina haja ya kwenda.

Jumapili kilifanya kazi. Mama aliingia kanisani, akapita viti vya nyuma, akapita vya katikati, akaketi mbele kabisa nyuma ya kwaya. Akaimba akiwa amesimama wimbo mzima na beti zote. Wangu alinipiga kiwiko, akauliza mama yake amepatwa na nini.  Wakati huo mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Kiti chake cha zamani. Niliona kama bado kina joto lake.

Eve ananisalimia kupitia kwa mama. Anauliza moyo unaendeleaje.

Anasema pia nipunguze chai ya rangi, na nikibanwa nisikimbie, nisimame, nipumue, nibane, kisha nitembee. Rahisi kusema. Woga hautembei.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku mbaya sana.

Maina alitaka tufanye mazoezi ya Jumamosi. Tukapanga viti. Mimi kitini, yeye kando, Wangu akiigiza wageni wote. Maina akaanza na methali. Alikuwa kwenye ya tatu Wangu alipomimina chai kutoka kwenye chupa. Ile sauti! Nikajaribu kusimama, kupumua, kubana. Nilipofika kwenye kubana nilikuwa tayari kwenye korido.

Niliporudi Maina alikuwa kwenye kiti. Alikuwa akikijaribu, anahamisha makalio huku na kule. Akasema labda Mungu mwenyewe ameamua.

Hilo ningelivumilia. Lakini Tiffany alinifuata kwenye roshani. Alisimama akipekecha kona ya leso. Akauliza, "Baba, humtaki Kim?"

Nikasema namtaka sana. Akasema kila Kim akitajwa nanyanyuka natoka. Siku Kim alipokuja kujitambulisha nilitoka mara nyingi hata kijana akamuuliza kama amenikosea. Leo hata kwenye mazoezi nimetoka. Akasema kama simtaki niseme mapema, asije akaaibika mbele ya wazazi wake. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Mwanangu! Wakati wote huu alidhani namkimbia kijana wake. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Neno moja tu, kibofu. Nikasema ni tumbo. Akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango, akaingia ndani.

Nimeogopa stima, nimeogopa Maina, nimeogopa Baba Kim. Leo nimeogopa uso wa mtoto wangu.

Jumamosi, 18 Oktoba, asubuhi

Mpango wa mwisho. Usishindwe!

Mama anaoga. Kimashine nimekitoa kwenye mkoba wake na sasa kiko mfukoni mwangu. Kimemponya yeye, kimeshazoea. Wageni wakianza nitakuwa nimekiwasha, na kibofu kitalala.

Nimefikiri kifundi. Kwa nini Eve anaanzia kifundoni? Kibofu kiko juu! Kila fundi anajua waya mrefu unapoteza nguvu. Nimebandika vibandiko kwenye paja, mbele, karibu na chenyewe. Nyaya zinapita tundu la mfuko.  Nimeweka namba ya chini kabisa. Sikufa. Sisikii kitu, lakini sikufa.

Wamefika. Naisikia sauti ya Kim ngazini. Mungu wa babu zangu, nishike.

Jumamosi, 18 Oktoba, jioni

Niandike kabla aibu haijaninyima nguvu.

Sala ilienda vizuri. Chakula kilienda vizuri. Viti vikapangwa: mimi kwenye kiti changu, Baba Kim mbele yangu, kati yetu meza ndogo yenye vikombe. Yeye ni mtu mrefu, mtaratibu, seremala wa mtaa wa Pipeline, anaongea kama anayepima mbao. Mama Kim kando yake. Mama mkwe pale kwenye kona, mkoba mapajani. Maina akaanza methali zake. Chai ikamiminwa.

Kibofu kikaniita. Nikaingiza mkono mfukoni nikabonyeza. Nikasikia siafu. Nikabonyeza tena. Siafu wakavua soksi. Lakini kibofu kikatulia! Au labda woga ulikipeleka mawazo kwingine. Nikakaa wima. Nikamtazama Maina kwa dharau.

Ndipo Baba Kim akasafisha koo. Akasema wameona ua katika boma hili, na wangependa kusikia kwa baba mwenye ua kama wanaweza kulichuma.  Watu wote wakanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kutikisa kichwa kukubali, basi.

Na pale pale, Wangu akajaza kikombe.

Nikabonyeza kwa nguvu. Kitufe kingine.

Mguu ulinyooka wenyewe. Sikuutuma! Ulipita chini ya meza, ukaangusha vikombe, ukampiga Baba Kim kwenye ugoko, tap! Kabla sijaomba msamaha ukarudi, ukapumzika, ukampiga tena. Nikaushika kwa mikono yote miwili. Ukaninyanyua. Katikati ya mateke nilikuwa nikitabasamu, ili wasidhani nimekasirika. Nadhani tabasamu ndilo liliharibu zaidi.

Baba Kim akasimama. Hakupaza sauti. Akasema kwao, mgeni akishapigwa teke hahitaji kuongezewa maneno. Mama Kim akachukua mkoba wake. Kim alibaki ameketi, kinywa wazi. Na mlangoni mwa jikoni nikamwona Tiffany na sinia mkononi.

"Baba!" akasema. Hilo tu.

Kwa woga wa lile neno, kule chini kukafunguka. Si yote. Ya kutosha. Nikanyakua kikombe kilichobaki nikajimwagia mapajani ili ifanane na chai. Ilikuwa ya moto. Nikapiga ukelele. Sasa mbele ya wakwe kulikuwa na mtu anayepiga mateke na kupiga kelele, na Maina akamweleza Baba Kim kwamba kaka yake amechoka, yeye mwenyewe anaweza kukaa kitini.

Mama mkwe akafungua mkoba wake. Akatazama ndani. Akaufunga. Akainuka bila kushika goti.

"Irungu," akasema. "Toa kimashine changu."

Nikazima. Mguu ukaanguka. Nikavuta nyaya kutoka mfukoni mbele ya watu wote, ndefu, haziishi, kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Vibandiko vikaja na nywele zangu.

Mama akawaambia wageni waketi. Akasema hakuna aliyemkataa mtu. Akasema, kwa sauti ile ile ya kuombea chakula, kwamba ana ugonjwa wa mkojo wa kukimbiza, amekuwa nao tangu ujana, na anatibiwa kwa kimashine hicho, na amepata nafuu. Na kwamba mkwe wake naye anao, ameuona tangu siku ya kwanza alipofika, maana mtu aliyekimbia maisha yake yote anamjua mkimbiaji. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. "Huyu hakupiga mtu teke," akasema. "Amebandika mahali pasipo, kwa sababu ni mwanamume na ni fundi."

 Nilitaka sakafu inimeze mpaka ghorofa ya chini.

Mama Kim ndiye aliyeketi wa kwanza. Aliweka mkoba chini, akamuuliza mama mkwe polepole, kana kwamba ni jambo la mapishi, kama huyo msichana wa Jericho hufanya kazi Jumamosi.

Baba Kim akamgeukia mkewe. Akanigeukia mimi. Akasugua ugoko. Akauliza kwa nini sikutoka tu nje. Nikasema mila hairuhusu. Akauliza mila ipi. Nikamtazama Maina. Wote wakamtazama Maina. Baba Kim akasema mbona yeye mwenyewe ametoka mara mbili tangu wafike, na hakumkataa mtu. Maina akaanza kuchunguza dari, taa niliyoifunga mimi.

Tiffany alinifuata chumbani na suruali kavu. Aliipitisha mlangoni bila kuingia. Nikamwambia kupitia ufa wa mlango kwamba nampenda Kim kama mwanangu, na kwamba ni kibofu, siku zote kilikuwa kibofu.  Kisha nikamsikia akicheka, kisha akilia, kisha vyote pamoja. Akasema, "Baba, si ungesema tu?"

Nilirudi nikaketi kwenye kiti changu. Nikatikisa kichwa. Vigelegele vikapigwa. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikarudi. Hakuna aliyebeba kitu akaondoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Mama alinipeleka Jericho. Alinishika kwa kiwiko kama polisi.

Eve akatoa kipimo cha kusikiliza mapigo, akakiweka kwenye kovu la uji, akasikiliza sana, akasema moyo ni mzima ila una woga. Wakacheka tena wawili hao. Akabandika vibandiko kifundoni. Nikafumba macho. Nikaomba nisamehewe na wote, hata Maina, ingawa yeye kwa masharti.

Siafu. Wenye soksi. Kidole gumba cha mguu kikatikisika chenyewe, polepole, kama mtu anayekubali jambo. Nikangoja kufa. Badala yake nikasinzia.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimepata nafuu! Sijapona kabisa, lakini nasimama, napumua, nabana, natembea. Nimefunga taa za jengo zima huku mabomba yakifunguliwa. Watu wakiniuliza nawaambia kwamba mimi ndiye niliyeigundua tiba hii, nikampeleka mama mkwe kwa huruma. Mama husikia, hukohoa tu.

Lakini dunia haina mapumziko. Juzi daktari wa kituo cha afya ameniita. Anasema kwa kuwa nimepita hamsini, mwaka usiishe kabla sijapimwa tezi dume. Kuna kipimo cha damu, hicho sawa. Halafu kuna kingine. Kinafanywa kwa kidole. Akaeleza kidole kinapita wapi. Nilisikia masikio yakiziba. Akasema ni kipimo cha kawaida na hakichukui muda. Wote huambiwa hivyo!

Sijala tangu juzi. Usingizi hakuna. Nimefikiri mpaka nikafika.

Baba Kim naye amepita hamsini. Sasa sisi ni ndugu, ananiamini, hata ugoko alishanisamehe. Jumatatu tunaenda pamoja. Yeye ataingia kwanza, mimi nitakaa nje nitazame anavyotoka. Nimemwambia ni daktari wa meno. Hata akiona glavu hatashtuka.